Sinia la futari na kadi ya mchango: kutoa kunamfaa nani?

Chukua mama yeyote wa Magomeni, Bagamoyo, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Jioni anapakua muhogo wa nazi, kipande cha samaki wa kupaka na kaimati chache, anafunika kawa, kisha anamtuma mwanawe apeleke nyumba ya pili kwa bibi anayelea wajukuu peke yake. Kesho yake anatuma elfu hamsini ya mchango wa harusi ya Mfunguo Mosi, ya mtoto wa mtu aliyewahi kufanya naye kazi, baada ya jina lake kukaa siku kadhaa bila tiki kwenye orodha ya kundi la WhatsApp, kila mtu akiliona. Sinia limemgharimu kidogo na limemwacha mchangamfu mpaka anakwenda tarawehe. Mchango umemgharimu mara nyingi zaidi, na umemwacha na kinyongo.

Vyote viwili tunaviita kutoa. Tunapoambiwa misikitini, makanisani na kwenye hafla za harambee kwamba mtoaji hufaidika kuliko mpokeaji, mama huyu ana haki ya kuuliza faida hiyo iko wapi kwenye ile elfu hamsini yake. Mimi naamini kutoa kunamfaa mtoaji, na ushahidi wake ni mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Lakini kuna hesabu mbili hapa, ya mtoaji na ya jamii. Mara nyingi zinakwenda pamoja, na mara nyingine moja inajaa huku nyingine ikibaki tupu. Tukizichanganya, ama tunawakamua watu kwa jina la wema, au tunakata tamaa na wema wenyewe.

Tuanze na mtoaji. Mwaka 2008 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton, uliohusisha watu 46 katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Asubuhi kila mmoja alikabidhiwa bahasha yenye dola 5 au dola 20. Nusu yao waliambiwa wajinunulie kitu au walipe deni lao, nusu nyingine wamnunulie mtu zawadi au watoe sadaka, na wote wawe wamemaliza kabla ya saa 11 jioni. Jioni waliulizwa wanajisikiaje. Waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na hapakuwa na tofauti kati ya wa dola 5 na wa dola 20. Wahenga walishasema kutoa ni moyo, si utajiri, na kwa upande wa furaha ya mtoaji hesabu zinawaunga mkono. Lakini watafiti waliwauliza pia watu wengine wakisie matokeo. Wengi walisema mwenye furaha kubwa atakuwa yule aliyejitumia mwenyewe, na mwenye dola 20 atamzidi wa dola 5. Walikosea mara mbili. Binadamu hajui vizuri kitakachomfurahisha, na hiyo ni sababu mojawapo tunatoa kidogo kuliko ambavyo tungependa kuwa tumetoa.

Kwa nini kuhangaika na bahasha, wakati mtu angeweza tu kuwauliza watoaji kama wana furaha? Kwa sababu jibu la namna hiyo halithibitishi kitu. Mwenye afya njema, kazi na moyo mwepesi ndiye mwenye uwezo na hamu ya kutoa, kwa hiyo huenda furaha ndiyo iliyotangulia na sadaka ikafuata. Tafiti nyingi zinazosema wanaojitolea huishi miaka mingi zina tatizo hilo: anayelala kitandani mgonjwa hawezi kwenda kufagia msikiti. Bahasha zikigawiwa kwa bahati nasibu, mwenye furaha na mwenye huzuni wanaangukia pande zote mbili, na tofauti inayobaki jioni inaweza kuhesabiwa kuwa imetokana na kutoa.

Utaniambia huko ni Kanada, watu wameshiba. Mwaka 2013 Aknin na wenzake walitumia takwimu za nchi 136, tajiri na maskini, wakakuta katika nchi 120 kati ya hizo waliotoa sadaka ndani ya mwezi uliopita waliridhika zaidi na maisha yao. Wakafanya majaribio pia, Uganda na India zikiwemo, na mwelekeo ukawa uleule. Mwaka mmoja kabla, watafiti walikuwa wamewatazama watoto ambao hawajafikisha hata miaka miwili. Walimpa mtoto vibiskuti, kisha wakamwomba amgawie mwanasesere kimoja. Nyuso za watoto zilichangamka zaidi walipotoa kuliko walipopokea, na zaidi ya hapo pale kibiskuti kilipotoka kwenye bakuli lao wenyewe. Mtoto wa umri huo hajafundishwa thawabu wala hajui sifa za watu.

Mwili nao una la kusema. Mwaka 2016 Ashley Whillans na wenzake waliwapa watu wazima wenye shinikizo la damu dola 40 kila wiki kwa wiki tatu. Walioambiwa wazitumie kwa wengine walishuka presha kuliko waliojitumia wenyewe. Utafiti huo ulihusisha watu wachache, kwa hiyo asitokee mtu wa kuacha dawa zake za presha akidhani sadaka inatosha. Ila unaonyesha kwamba kinachoitwa furaha ya kutoa kinashuka mpaka kwenye mishipa.

Sasa turudi kwa elfu hamsini iliyouma. Mambo matatu yanaamua kama kutoa kutamrudia mtoaji: hiari, kuona mchango wako umefanya nini, na ukaribu na mtu unayempa. Hili la hiari ndilo linalotusumbua zaidi pwani na bara, kwa hiyo nitakaa nalo.

Michango yetu ya harusi ina bei. Singo elfu hamsini, dabo laki, na ukichelewa unapigiwa simu. Mwenyekiti wa kamati hana nia mbaya, ana bili ya ukumbi. Lakini mtu anapolipa ili asionekane mbaya, kilichotoka mfukoni mwake kiko karibu na deni kuliko zawadi, na moyo unaijua tofauti hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon waliipima mwaka 2007. Waliwapa wanawake 19 dola 100 kila mmoja, wakawaweka kwenye mashine inayopiga picha za ubongo, huku sehemu ya fedha ikienda kwenye mfuko wa kuwalisha maskini. Mara nyingine fedha zilichukuliwa tu kama kodi, mara nyingine mwenyewe aliulizwa kama anakubali. Sehemu za ubongo zinazoamka mtu anapopata kitu kizuri ziliamka hata fedha zilipochukuliwa kwa lazima. Mtu aliporidhia mwenyewe, ziliamka zaidi. Matokeo hayo yananipa moyo kuhusu kodi, na yananionya kuhusu kulazimishana.

Lazima ikizidi, watu huanza kujificha. Pamela Jakiela na Owen Ozier walifanya jaribio vijijini magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Watu walipewa fedha za kuwekeza, na baadhi yao walijua jamaa zao wataona wamepata kiasi gani. Wanawake waliokuwa na ndugu palepale walichagua kuwekeza kidogo, kwenye faida ndogo, ili tu mapato yao yasionekane. Walikubali kupata hasara kuliko kuombwa. Nadhani kila msomaji anamfahamu mtu aliyepata kazi nzuri kisha akabadilisha namba ya simu. Tusimwite mchoyo haraka. Huenda ametoa mpaka akaishiwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama bado anacho.

Dini zililiona jambo hili zamani. Zaka ina kiwango, asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu na kukaa mwaka, na nisabu yenyewe ni thamani ya gramu 85 za dhahabu. Asiyefika hapo hadaiwi. Qur'ani, sura ya 9, aya ya 60, inataja makundi manane yanayostahili kupewa. Zaka ni haki ya maskini iliyomo ndani ya mali ya tajiri, kwa hiyo hakuna wa kujisifu kwa kuitoa na hakuna wa kuaibika kwa kuipokea. Baada ya hapo sadaka imeachwa wazi, kila mtu na moyo wake. Naona hekima kubwa katika mpangilio huo: faradhi inailinda jamii, hiari inamlinda mtoaji. Kamati zetu zimegeuza mambo, zimeifanya hiari kuwa faradhi isiyo na nisabu.

Fedha nayo inaweza kuharibu hiari kwa upande wa pili, yaani kwa kulipa wema. Mwaka 2008 Carl Mellström na Magnus Johannesson wa Sweden walichapisha jaribio la kuwaalika watu wapimwe afya ili wawe wachangiaji wa damu. Pasipo malipo, zaidi ya nusu ya wanawake walikubali. Walipoahidiwa pesa kidogo, waliokubali wakashuka hadi asilimia 30. Walipoambiwa wanaweza kuielekeza pesa hiyo kwenye msaada wa watoto, idadi ikarudi ilipokuwa. Kwa wanaume haikuonekana tofauti kubwa. Wanawake wale walitaka kutoa damu wakijua kwamba wametoa, na malipo yaliwanyang'anya hilo.

Kuona matokeo kunahitaji maneno machache tu. Mwaka 2013 Aknin na wenzake walilinganisha wachangiaji wa mashirika mawili ya watoto, moja kubwa lenye kazi nyingi mno, jingine likiahidi kwamba kila dola 10 inanunua chandarua kimoja cha kumkinga mtoto na malaria. Wa chandarua walifurahi zaidi kadiri walivyotoa zaidi, wa shirika kubwa hapana. Tunafundishwa tutende wema twende zetu, tusingoje shukrani, na mafundisho hayo siyapingi. Kujua kwamba mtoto amelala chini ya chandarua si kungoja shukrani. Kamati ya ujenzi wa madrasa inayobandika ukutani risiti za mabati na saruji inawafanyia hisani waliochangia, hata kama hakuna jina lililosomwa hadharani.

Ukaribu unaonekana vizuri zaidi ufukweni, pale soko la samaki la Bagamoyo. Ngalawa ikifika, watu wanashika kamba kuivuta, kapu linashushwa, mnada unaanza. Kabla mnada haujapamba moto utamwona mvuvi akitenga vibua vinne au vitano pembeni, anavifunga kwenye kimfuko na kumpa kijana ampelekee mjane wa mwenzake. Hakuna tangazo. Mvuvi anajua jina la mjane, anajua kama ana wageni, na anajua kwamba bahari iliyomchukua mwenzake inaweza kumchukua yeye kesho na mkewe akakaa akisubiri vibua hivyohivyo.

Hapo tumeshaingia kwenye hesabu ya pili, ya jamii. Vibua vile ni bima, na bima ya namna hiyo imepimwa hapa hapa Tanzania. Joachim De Weerdt alihoji kila kaya katika kijiji cha Nyakatoke, mkoani Kagera, kaya 119, kujua nani humwendea nani akipatwa na shida. Mwaka 2006 yeye na Stefan Dercon walichapisha walichokiona kuhusu ugonjwa. Mtu alipougua, chakula cha nyumba yake hakikupungua, kwa sababu kijiji kizima kiliibeba. Matumizi mengine yasiyo chakula yalitegemea ndugu na marafiki wa karibu wa mgonjwa. Ugali ulikuwa wa kijiji, sare ya shule ilikuwa ya shemeji. Mwenye mtandao mdogo alishiba kama wengine lakini alikwama kwenye mengine.

Msiba wa mtaani Bagamoyo unakwenda vivyo hivyo. Taarifa ikitoka msikitini alfajiri, ikifika saa 3 turubai limeshasimama, vijana wako makaburini na majembe, sanda imeshanunuliwa, na akina mama wameshika masufuria ya wali. Pembeni ameketi mzee na daftari anaandika: fulani elfu mbili, fulani elfu moja, fulani mchele kilo tatu. Mgeni anaweza kulidharau daftari lile akadhani watu wanatangaza wema wao. Kazi yake ni nyingine. Linaiambia familia ya marehemu nani amesimama nao, ili zamu ikifika wajue pa kusimama. Vikundi vya kufa na kuzikana vimelitia daftari hilo katiba, mweka hazina na ada ya mwezi. Na kwa kuwa kila mtaa una daftari kama hilo, maskini wa Bagamoyo anajua atazikwa kwa heshima. Hiyo ni amani ya moyo ambayo miji mingi tajiri duniani imeipoteza.

Lakini bima ya mtaa ina kikomo, na tusidanganyane. Inamudu shida inayompata mmoja huku wengine wako salama. Bahari ikichafuka mwezi mzima, wavuvi wote wanarudi mikono mitupu siku moja, na hakuna wa kumpa mwenzake. Saratani au figo ikimpata mtu, gharama inaumeza mtaa mzima na bado haitoshi. Kundi la WhatsApp litachangishana kwa ajili ya mgonjwa wa kwanza, wa pili, na kufikia wa tano watu wanatoka kundini kimyakimya. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inanigusa kama jambo la kutoa, ingawa makato yake hayatamchangamsha mtu. Ni kimfuko kile cha vibua, kimepanuliwa mpaka kwa mjane ambaye hutamjua kamwe. Hesabu ya mtoaji hapo ni ndogo, ya jamii ni kubwa mno, na nataka wote wawili tuwaheshimu: anayepeleka sinia akifurahi, na anayekatwa mshahara asisikie lolote.

Kuna faida nyingine ya jamii ambayo wachache huiwazia. Fedha ya sadaka haifii kwa aliyeipokea. Kaunti ya Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya maskini, kaya zaidi ya 10,000, na watafiti wakafuatilia vijiji 653. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa eneo lile kwa takriban dola 2.5. Aliyepewa alinunua mabati, fundi akapata kazi, fundi akala kwa mama lishe, mama lishe akanunua kuku kwa jirani ambaye hakuwa amepewa hata senti. Wasiopewa nao matumizi yao yaliongezeka, na bei za vitu karibu hazikupanda. Wanaosema ukimpa maskini fedha unamdekeza wana kazi ya kuzijibu takwimu hizo.

Bagamoyo yenyewe ina mtoaji ambaye kila ninapomfikiria ananitatiza. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, tajiri wa misafara, enzi ambazo pembe za ndovu zilifika mji huu zikiwa mabegani mwa watu waliotembea kutoka Unyamwezi na Ujiji. Aliwauzia wasafiri bidhaa, aliwapatia wapagazi, na faida ikawa kubwa. Kisha akatoa. Alitoa nyumba hapa Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi, nalo si sharti dogo chini ya utawala wa Wajerumani. Alitoa kwa ajili ya wagonjwa na wakoma. Alifariki mwaka 1897, na mwaka huohuo ilijengwa Dar es Salaam hospitali iliyobeba jina lake, ambayo ndiyo mizizi ya Muhimbili ya leo. Mpaka sasa ndugu wa mgonjwa akiulizwa mgonjwa wake amelazwa jengo gani, hujibu "Sewahaji", pengine bila kujua kwamba hilo lilikuwa jina la mtu.

Je, sadaka ile ilisafisha mali ya misafara? Sidhani. Waliobeba pembe zile na kuanguka njiani hawakurudishiwa kitu na wodi. Haki na hisani ni madai mawili, na kulipa la pili hakufuti la kwanza. Tajiri wa leo anayechelewesha mishahara ya vibarua kisha akafuturisha msikiti mzima anapaswa kuambiwa hivyo, na imamu ndiye wa kumwambia.

Limebaki swali wanalolipenda wanafunzi wa falsafa: kama mtoaji anafurahi, anashuka presha, anasifiwa na mtaa na anatarajia thawabu, basi si anajitafutia yeye mwenyewe? Mwanauchumi James Andreoni alilitazama hilo mwaka 1990 na kukubali kwamba watu hutoa kwa sababu zote mbili, kumfaa mwenzao na kupata ule uvuguvugu wa moyoni. Mimi sioni aibu yoyote katika hilo. Mama anayemnyonyesha mtoto naye hufurahi, na hakuna anayemwita mbinafsi. Mtu asiyesikia raha yoyote kwa shibe ya jirani yake ndiye wa kutiliwa shaka.

Kinachoharibu ni kumfanya mpokeaji ailipe furaha hiyo. Qur'ani, sura ya 2, aya ya 264, inawakataza waumini kuziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na kuudhi. Siku hizi masimbulizi yana kamera. Bibi anapewa kilo tano za unga na galoni ya mafuta, anatakiwa ashike pakiti mkononi, atazame mbele, aseme asante kwa sauti, na kufikia magharibi wajukuu zake shuleni wameshamwona kwenye simu za wenzao. Mwenye kuleta unga ule alikuwa na njia nyingine: aende saa ya jioni, abishe hodi, amsalimie shikamoo, aache mzigo mlangoni, na picha, kama wafadhili wake wanaihitaji, aipige ya magunia yakiwa bado dukani.